SOMO LA KITALU: UKAGUZI WA MICHE YA KAHAWA KABLA YA KUGAWIWA WANACHAMA

Mche wa kahawa upandwao leo hautoi mavuno ya maana kabla ya mwaka wa tatu, na ukitunzwa waweza kudumu kihambani kuliko mkulima aliyeupanda. Kwa sababu hiyo kosa lililofanyika kitaluni halionekani upesi. Mwanachama hupalilia, huweka samadi na kuondoa maotea, ndipo msimu wa matunda unapomfunulia kuwa alichopewa na chama chake sicho alichoahidiwa.

Kamati ya chama cha msingi inapopokea miche yapaswa kuuliza maswali mawili, wala jibu la moja halitoshi kuwa jibu la jingine. Mche huu ni wa aina gani? Tena, je, ni mzima?

Swali la kwanza halijibiwi kwa macho. Chule buni, ugonjwa ulioonekana Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 1964, huleta hasara yake katika matunda mabichi. Mche wa kitaluni hauna tunda, basi hata mkaguzi hodari hawezi kuutazama akasema utastahimili ugonjwa huo au hautastahimili. Aina za zamani zilizoenea mkoani Kilimanjaro, yaani N39 na KP423, hushambuliwa sana, na mwenye nazo hulazimika kupuliza dawa tena na tena. Aina zilizotolewa kuanzia mwaka 2005 na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye makao yake Lyamungu, zina ukinzani dhidi ya chule buni na kutu ya majani. Ushahidi wa asili ya mche ni daftari la kitalu: vikonyo vilikatwa katika bustani mama ipi, tarehe gani, vikapandwa tuta lipi. Mche usio na kumbukumbu hiyo ni mche usiojulikana, hata ukipendeza namna gani. Wako wanaookota mbegu chini ya mbuni bora wa jirani na kuziotesha. Aina hizo ni chotara, na watoto wa mbegu hawafanani wote na mama yao.

Swali la pili, kinyume chake, halijibiwi na daftari. Ukinzani dhidi ya chule buni si kinga ya kila adui, na mche wa asili njema kabisa waweza kubeba minyoo fundo iliyotoka katika udongo uliojazwa kwenye kiriba. Majani yake yaweza kuwa bado ya kijani siku ya kugawiwa. Hapa hapana njia ila kuchana viriba vichache, kuosha mizizi taratibu ndani ya ndoo ya maji na kuitazama penye mwanga. Mizizi yenye vifundo au iliyooza ni dalili mbaya. Majani nayo yageuzwe: unga wa rangi ya machungwa upande wa chini ni kutu, mabaka ya kahawia yenye viwavi vidogo ndani ni kazi ya kidomozi. Shina likaguliwe kwa vidugamba.

Miche ya kuchanwa ichaguliwe na mkaguzi mwenyewe, si mwenye kitalu. Ni kawaida ya kila muuzaji kupanga iliyo mizuri karibu na njia. Mkaguzi na aende katikati ya tuta, pembeni, na hasa mahali palipo chini ambapo maji hutuama.

Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, kazi ya serikali ya kulinda afya ya mimea iko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Lakini cheti chochote husema kile kilichoonekana siku ya ukaguzi. Miche ikikaa wiki kadhaa baadaye juu ya udongo mtupu, kando ya mibuni yenye ugonjwa, karatasi haiifuati huko. Kwa hiyo katibu alinganishe tarehe ya cheti na tarehe ya kupokea, na ukaguzi wa mizizi urudiwe penye ghala la chama.

Vifundo vikionekana, tuta zima lizuiwe hata kama wanachama wamekwisha kulipa na mvua za masika zimeanza. Hapo ndipo kamati hupata lawama nyingi. Miche hiyo iteketezwe, udongo wa viriba usimwagwe kihambani wala kutumiwa tena kitaluni, na namba ya tuta iandikwe daftarini pamoja na majina ya waliokwisha kuchukua miche yake, ili bwana shamba awafikie kabla hawajapanda.