Nimekula "Cha Juu" kwa Hela ya Bosi: Nikiungama Yanaisha?



Tuchukue mfano. Bosi anamtuma kijana mifuko 10 ya saruji. Dukani anapunguziwa sh. 1,500 kwa kila mfuko, lakini risiti inaandikwa bei ya zamani. Sh. 15,000 zinabaki mfukoni kwake. Anajitetea: "Huyu si hajanilipa mshahara miezi miwili? Nimechukua changu." Usiku ukifika, moyo hautulii.

Nilipokuwa nasoma falsafa, Mt. Tomaso wa Akwino alinisaidia kutenganisha mambo haya. Kwake, haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Kwa hiyo hapa kuna madeni mawili, siyo moja.

Deni la kwanza ni la bosi. Katekisimu, namba 2434, inafundisha kwamba kumnyima mfanyakazi ujira wake kunaweza kuwa dhuluma kubwa. Kudai mshahara wako siyo dhambi wala siyo utovu wa adabu. Lakini udai waziwazi: ongea naye, andika barua, na ikishindikana, hapa Tanzania ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Deni la pili ni la kijana. Mwaka 1679 Papa Inosenti XI alilaani hoja kwamba mtumishi anaweza kumwibia bwana wake kwa siri ili kufidia mshahara anaouona mdogo. Kwa nini? Kwa sababu hapo mtu anakuwa mdai, shahidi na hakimu katika kesi yake mwenyewe. Tena risiti ile ni uongo, na mshahara ukicheleweshwa haugeuzi uongo kuwa ukweli.

Sasa, akiungama yanaisha? Kitubio kinaondoa dhambi, ila hela ya mtu bado ni ya mtu. Namba 2412 inadai kurudisha, na inamkumbuka Zakayo (Lk 19), aliyeahidi kurudisha mara nne. Wewe huna kitu? Rudisha kidogokidogo. Unaogopa kufukuzwa kazi? Si lazima ujianike. Hela inaweza kurudi kwa njia ya siri, mradi imfikie mwenyewe. Mweleze padre muungamishi hali yako, akushauri njia.

Tahadhari moja: siyo kila kujisikia vibaya ni dhambi. Kama bosi mwenyewe alisema "chenji baki nayo", umepewa. Kunywa soda yako kwa amani.

Jiulize leo: kuna hela ya nani mkononi mwangu? Kuna haki yangu ipi ninayoogopa kuidai mchana kweupe?

Tuombe: Ee Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako kule Nazareti, utupe ujasiri wa kudai kilicho chetu na unyofu wa kurudisha kisicho chetu. Amina.