Shindano la viwango: jinsi ngazi ya snuka inavyopandwa

Jioni katika senta kama Lalago, wilayani Maswa, hasa msimu wa kuuza pamba, mlio wa mipira inayogongana kwenye meza ya pool unasikika kabla meza yenyewe hujaiona. Anayeshinda michezo mitano mfululizo anaitwa bingwa. Kesho yake akifungwa, ubingwa unahamia kwa mwingine, na wiki ikiisha hakuna anayekumbuka nani alimfunga nani. Snuka, mchezo ulio ndugu wa pool, uliepuka usahaulifu huo kwa kuweka orodha ya viwango tangu mwaka 1976. Ni vizuri vijana wetu wakaielewa orodha hiyo, kwa sababu kanuni yake haihitaji utajiri.

Kwanza mchezo wenyewe. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, kubwa kuliko hizi za pool tulizozizoea, na mashimo yake hayasamehe pigo la ovyo. Juu yake kuna mipira 15 myekundu yenye alama 1 kila mmoja, mipira sita ya rangi nyingine kuanzia wa njano wenye alama 2 hadi mweusi wenye 7, na mweupe wa kupigia. Unaingiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Wa rangi hurudishwa mezani mpaka myekundu iishe. Anayefuatisha kila mwekundu kwa mweusi, halafu akasafisha meza bila kukosa, anapata 147. Mchezo mmoja kamili huitwa fremu, na mechi ni ya fremu nyingi: fainali ya dunia inayochezwa Sheffield, Uingereza, anaichukua anayetangulia kufikisha fremu 18.

Sasa viwango. Si kila shindano linahesabiwa. Kuna ya kualikwa, ambayo mchezaji anaondoka na fedha tu. Kwenye shindano la viwango, kila pauni ya zawadi inageuka kuwa pointi. Pointi hizo zinadumu miaka miwili, kisha zinafutwa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Aliyechukua kombe kubwa miaka miwili iliyopita, likirudi shindano lile lile akatolewa mapema, anaporomoka ngazini ingawa bado ana jina kubwa. Kwenye mashindano ya dunia kuna ukali zaidi: wale 16 wa juu wanasubiri wenzao hatua ya mwisho, lakini atakayefungwa mechi yake ya kwanza anapewa fedha bila pointi hata moja.

Mwishoni mwa msimu, walio ndani ya 64 bora wanabaki na kadi ya kucheza mashindano ya kulipwa. Walio chini, wengi wao wanaipoteza kadi ya miaka miwili ikiisha, na wanarudi kuitafuta kwenye mchujo uitwao Q School. Bingwa wa Afrika pia amekuwa akipewa kadi, na miongoni mwa walioitumia nafasi hiyo ni wachezaji wa Misri na Moroko. Muda mrefu kabla yao, Silvino Francisco wa Afrika Kusini alishinda British Open mwaka 1985, shindano la viwango kamili, kwa hiyo Mwafrika si mgeni kileleni.

Mfano wa kupanda ngazi unaonigusa zaidi ni wa Zhao Xintong wa China. Mwaka 2023 alifungiwa miezi 20 kwa kuhusika katika upangaji wa matokeo wa mchezaji mwenzake na kwa kubeti kwenye mechi za snuka, ingawa yeye mwenyewe hakuuza mechi. Kadi ikapotea. Alirudi akiwa mchezaji wa ridhaa, akaanzia mchujo wa chini kabisa, na Mei 2025 akamfunga Mark Williams 18–12 na kuwa bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Asia. Zawadi ya pauni 500,000, zaidi ya shilingi bilioni 1.5, ilimpandisha moja kwa moja hadi nafasi ya 11. Wenzake wawili katika kesi hiyo hiyo, Liang Wenbo na Li Hang, wamefungiwa maisha.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kwenye meza zetu kuchezea hela kunaonekana jambo la kawaida. Mchezaji wa kulipwa wa snuka haruhusiwi kubeti kwenye mechi yoyote ya snuka, hata asiyocheza yeye. Hapa Tanzania, kuendesha mchezo wa kubahatisha bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kushiriki. Kijana anayezoea kuweka elfu mbili mezani anajifunza tabia itakayomfungia mlango siku akipata nafasi.

Ngazi ya Lalago inaweza kuanza na daftari moja. Muoneni afisa michezo wa wilaya pale Maswa kabla ya kutangaza shindano, na chama mkitaka kukianzisha, kisajiliwe kwa taratibu za Baraza la Michezo la Taifa. Chagueni mashindano manne ya mwaka, mathalani Sabasaba na Nane Nane yakiwamo, na mchague saa ambazo watu wametoka shamba na wanafunzi hawatoroki darasani. Mshindi apewe pointi 10, wa pili 6, wawili wa nusu fainali 3 kila mmoja. Anayetolewa mechi ya kwanza asipate kitu, awe nani.

Mkipanga ratiba, wa kwanza na wa pili kwenye orodha wawekwe pande mbili tofauti, wakutane fainali tu kama wote wanastahili. Orodha ibandikwe ukutani karibu na meza, kila mtu aione. Na Sabasaba ya mwaka unaofuata ikishachezwa, pointi za Sabasaba iliyopita zipigwe mstari mbele ya wachezaji wote, hata kama ni za mwenye meza.