Je, Ukihama Nairobi Utapata Furaha?

Somo: 1 Wafalme 19:1–21

Tangu mwaka uanze, ukitoa mambo ya ndoa, hakuna jambo nimeulizwa mara nyingi kama hili. Na mara nyingine yanakuja yote mawili pamoja. Mtu anaketi, anashusha pumzi, anasema, "Pasta, nimechoka na Nairobi. Nataka kurudi ushago nipumzike." Kodi imepanda. Maji ya mfereji yanakuja Jumanne peke yake. Jam inamla saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, na watoto anawaona wakiwa wamelala. Anataka kujua kama huko atakuwa na furaha, na kama ni mapenzi ya Mungu.

Mimi sitasema mji ni wa shetani. Hayo mahubiri nimeyasikia, kwamba aliyejenga mji wa kwanza ni Kaini (Mwanzo 4:17), kwa hivyo tutoke. Wanaohubiri hivyo wanairuka barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, Yeremia 29, inayowaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea mji uleule uliowateka. Walikuwa wakae huko miaka 70. Hesabu ya 2019 ilipata watu 4,397,073 Nairobi, na Mungu ana watu wake humu. Kukaa si dhambi, kuhama si dhambi. Na ukikimbia jiji uende Eldoret, kumbuka Eldoret nayo imekuwa jiji tangu 2024!

Sasa tumwangalie mtu aliyehama akiwa amechoka kabisa. Eliya yuko Yezreeli kwa mfalme Ahabu. Ametoka kushinda pale Karmeli, mvua imenyesha baada ya ukame mrefu, ungedhani sasa atatulia. Yezebeli anamtumia ujumbe kwamba atamwua, naye anakimbia mpaka Beer-sheba, kusini kabisa. Soma mstari wa 3 polepole. Anamwacha mtumishi wake hapo, halafu anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Huko Yezebeli hayuko, kelele hakuna, hewa ni safi. Na ni huko huko, chini ya mretemu, ndipo anaomba afe.

Angalia Mungu anaanza na nini. Hamkemei. Malaika anamletea mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Anakula, analala, anaamshwa, anakula tena. Kuna ndugu na dada katika kanisa hili ambao hawana haja ya kukemewa pepo, wanataka usingizi tu. Kama ni ushago ndiko watalala, waende wiki mbili walale. Uchovu wa mwili si upungufu wa imani.

Lakini baada ya kula na kulala, na safari ya siku 40 mpaka Horebu, swali linakuja, na linakuja mara mbili, mstari wa 9 na wa 13. Mungu anamuuliza anafanya nini pale. Kati ya swali la kwanza na la pili umepita upepo, tetemeko, moto na sauti ya utulivu, na bado jibu la Eliya ni lile lile: nimebaki peke yangu. Amevuka nchi nzima na lile neno amelibeba.

Nimewaona watu wa namna hiyo. Ndugu mmoja tuliyeomba naye miaka mingi aliuza viti, akauza friji, akahama. Kumbe alikuwa na deni la simu, na deni la simu halijui umevuka kaunti. Pale kijijini wakamwona ni mtu wa Nairobi, kwa hivyo kila matanga na kila harambee ya karo jina lake liko juu. Baada ya miezi michache alikuwa anapanda kilima jioni kutafuta mtandao ili aongee na marafiki wa huku. Lakini pia namjua mama mmoja aliyeuza mboga hapa karibu miaka ishirini, na leo ukimpigia simu unasikia anacheka kabla hajasema hello. Miaka sita kabla ya kuhama alikuwa ndani ya kikundi cha akina mama cha kanisa la nyumbani. Alikuwa anatuma mchango wake kila mwezi, na wakiwa na mkutano mkubwa anapanda gari anaenda. Alipofika na mizigo yake, watu wa kuipokea walikuwa barabarani wakimngoja.

Mwaka 1998, watafiti wawili wa Marekani, David Schkade na Daniel Kahneman, waliwauliza wanafunzi wa California, kwenye jua na bahari, na wale wa majimbo ya kati yenye baridi kali, kuhusu furaha ya maisha yao. Pande zote mbili walidhani watu wa California wana furaha zaidi. Walipojipima wenyewe, wakatoshana. Mtu akifikiria mahali, anaona kile kitu kimoja kinachong'aa na kusahau siku za kawaida.

Kitu chetu kinachong'aa ni Disemba. Kuku, chapati, binamu wote wako, kila mtu yuko likizo. Ushago ya Aprili wengi hatuijui: matope, boda imekataa kupanda kilima, stima imepotea siku ya tatu, mtoto ana homa usiku na hospitali iko mbali. Mwaka 2020, serikali ilipofunga Nairobi kuanzia Aprili mpaka Julai, waliokuwa nyumbani waliishi hiyo Aprili yote. Wako waliopenda wakabaki mpaka leo. Wengine walirudi na gari la kwanza.

Niseme na wanaume kidogo. Mara nyingi mume akisema "tunahama", ana maana mke na watoto waende, yeye abaki kwa chumba kimoja apunguze gharama. Kodi itapungua, ni kweli. Lakini mke anaenda kuishi bomani kwa mama mkwe bila kuulizwa, watoto wanaanza kumwita baba "yule wa simu", na wewe unakula jioni peke yako ukitazama ukuta. Huko ni kumwacha mtumishi Beer-sheba na kuingia jangwani. Sisemi haiwezekani, kazi inaweza kulazimisha. Lakini muelewane wawili, muandike tarehe ya mwisho ya mpango huo, na mkubaliane utaenda nyumbani mara ngapi kwa mwezi. Ukiniletea huu mpango niuombee na mama hajakubali, sitauombea. Nitaomba kwanza niwaone wote wawili.

Maana angalia Mungu alivyomjibu Eliya. Alimwambia arudi, ashike njia ya kwenda Dameski, mji mkubwa wa Shamu. Alimwambia wako elfu saba ambao hawajapigia Baali magoti, kwa hivyo lile neno la kubaki peke yake halikuwa kweli. Halafu akampa Elisha, aliyekuwa shambani analima na jozi kumi na mbili za ng'ombe. Huyo naye akaacha shamba. Katika sura moja mmoja anatolewa jangwani na mwingine anatolewa shambani, na mwisho wake wanatembea pamoja.

Kama bado mnataka kwenda, nendeni wote wawili Aprili, si Disemba, mkae wiki mbili. Jumapili mtafute kanisa, na mkae baada ya ibada muone kama kuna atakayewauliza majina. Deni likitajwa, litajwe mbele ya mke kabla ya kuuza kiti chochote. Na barua ya kuwatambulisha kwa mchungaji wa huko tunaiandika siku moja tu. Pitieni ofisini kabla ya kufunga mizigo.