Anayemuuguza mzazi nyumbani ana haki gani?

Swali: Mke anayeacha kazi mjini Eldoret ili kumtunza mama mkwe analindwa na sheria?

Jibu: Kwa sehemu ndogo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba, pengo linaloonyesha malezi yameachiwa nani. Kuuguza mzazi hakuna likizo yake. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wazee, hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini mlengwa ni mzee mwenyewe, si mtunzaji. Nguvu zaidi imo katika Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, inayohesabu kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ya Juu ilisisitiza mwaka 2023 kwamba mchango huo uthibitishwe. Mgawanyo wa mali nusu kwa nusu hauji wenyewe. Tena mgawanyo husubiri ndoa ivunjike.