Maji Moto ya Kitagata na Maumivu ya Viungo



Swali linalotufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa wavuvi wa Rukuba na wazee wa pande za Butiama na Bunda, ni hili: je, ni kweli kwamba yapo maji ya moto yatokayo ardhini ambayo mtu akiyaoga hupona baridi yabisi? Wengine wamesikia habari za Uganda kutoka kwa wenzao wa ziwani. Wengine wanauliza kama inafaa kuuza mbuzi ili kumpeleka mzazi huko. Safari hii tumeona tulijibu swali hilo kwa kirefu kidogo, maana linahusu fedha za watu na pia maisha yao.

Mahali panaposemwa ni Kitagata, katika nchi ya Ankole, magharibi ya Uganda. Siku hizi pako katika wilaya ya Sheema, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Bushenyi. Jina lenyewe linatokana na lugha ya Kinyankole na linahusu maji yaliyopata moto. Hapo zipo chemchemi mbili zilizo jirani. Moja huitwa Ekyomugabe, yaani ya Omugabe, kwa sababu mfalme wa Ankole alikuwa akioga hapo. Ufalme huo ulifutwa mwaka 1967, lakini jina la chemchemi limebaki. Chemchemi ya pili huitwa Mulago.

Msomaji aliyewahi kufika Kampala atashtuka kidogo, maana Mulago ni jina la hospitali kubwa ya taifa la Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1913 na daktari mmisionari Albert Cook. Watu wa Kitagata waliipa chemchemi yao jina hilo kwa imani kwamba inaponya kama hospitali. Wagonjwa wa miguu, migongo na magoti hukaa humo majini, wengine hujimwagia kwa vikombe, wengine huyanywa. Wapo wanaokaa siku kadhaa. Kumezuka na nyumba za kulala wageni na biashara ndogo ndogo, kama inavyokuwa popote wagonjwa wanapokusanyika. Na jambo tunalopenda mlikumbuke ni kwamba hapo hapo Kitagata ipo pia hospitali ya serikali yenye madaktari, maabara na wodi. Kwa hiyo mgonjwa akifika anazo Mulago ya maji na hospitali ya dawa, na hakuna anayemlazimisha kuchagua moja na kuiacha nyingine.

Maji hayo hupataje moto? Mvua ikinyesha, sehemu ya maji huzama chini sana kupitia nyufa za miamba. Kadiri yanavyoshuka, ndivyo yanavyokuta joto. Kisha husukumwa juu tena kupitia ufa mwingine, na njiani huyeyusha chumvi za mawe: magadi, kiberiti, chokaa, floridi na nyinginezo. Ndiyo maana mengine hunuka kama yai bovu, na hiyo ni harufu ya kiberiti. Nchi zetu zilizo karibu na Bonde la Ufa zina chemchemi nyingi za namna hii. Hata hapa mkoani Mara tunayo Majimoto katika wilaya ya Serengeti. Tanga, karibu na Amboni, zipo chemchemi za kiberiti ziitwazo Galanos, kwa jina la Mgiriki mmoja mkulima wa mkonge ambaye alizitumia kujipumzisha. Jina lake limebaki pia kwenye shule ya sekondari ya Galanos. Lakini Galanos haikuwa mji wa wagonjwa kama Kitagata, na mabafu yake yaliachwa yakachakaa.

Wazungu nao wana historia ndefu ya jambo hili, na tusidhani kwamba ni mambo ya washamba wa Afrika tu. Ubelgiji kuna mji uitwao Spa, na jina lake ndilo limekuwa jina la mabafu ya aina hii duniani kote. Uingereza kuna mji uitwao Bath, ambako maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 45 hivi. Warumi wa kale walijenga mabafu hapo karibu miaka elfu mbili iliyopita. Mwaka 1738 ikaanzishwa Bath hospitali maalumu ya maji hayo kwa ajili ya wagonjwa maskini kutoka sehemu zote za nchi. Wengi walifika wakiwa wamepooza mikono kwa sababu ya sumu ya risasi, ile metali, iliyowaingia kutoka kwenye rangi, mabomba na vinywaji. Walikaa wiki nyingi, wakiketi majini hadi shingoni, na wengi walirudi kwao wakiwa na nafuu.

Je, ni madini yaliyowaponya? Katika miaka ya 1980 madaktari wa huko walirudia jambo hilo kwa vipimo. Waliona kwamba mtu akiketi majini hadi shingoni, mgandamizo wa maji husukuma damu kuelekea kifuani, na figo hutoa mkojo mwingi zaidi pamoja na chumvi, na hata ile risasi. Basi wale wagonjwa wa kale walisafishwa kweli. Lakini mgandamizo wa namna hiyo unapatikana katika maji yoyote yenye kina cha kutosha. Tena, kwa muda wote waliokuwa hospitalini, hawakuwa wakigusa ile risasi iliyowadhuru. Hilo nalo lilikuwa dawa.

Historia ya Bath ina jambo jingine la kusikitisha. Mwaka 1978 msichana mmoja aliyeogelea katika maji hayo alifariki kwa ugonjwa wa ubongo ulioletwa na ameba, kijidudu kinachopenda maji ya uvuguvugu na kinachoingia kwa njia ya pua. Mabafu yakafungwa. Watu hawakuoga tena katika maji ya Bath mpaka yalipojengwa mabafu mapya yenye maji yaliyosafishwa, yakafunguliwa mwaka 2006. Ugonjwa huo ni wa nadra sana. Hata hivyo anayekwenda kwenye chemchemi yoyote asitumbukize kichwa, wala asiruhusu watoto kupiga mbizi.

Sasa turudi kwa mzee wetu na magoti yake. Maji ya moto yanamsaidia, na tunalisema bila kigugumizi. Joto hulegeza misuli iliyokaza na kufungua mishipa ya damu. Maji humbeba, hivyo goti halibebi uzito wote wa mwili, na mtu aliyeshindwa kukunja mguu kitandani anaukunja majini. Zaidi ya hayo amepumzika, hachoti maji wala havuti nyavu. Lakini nafuu hiyo ni ya siku au wiki chache. Gegedu la goti lililolika haliwezi kuoteshwa na maji, hata yatoke wapi.

Linalotutia hofu sisi wauguzi ni maumivu yanayoitwa baridi yabisi kumbe ni kitu kingine. Mtoto wa miaka minane au kumi anaumwa koo, baada ya wiki mbili tatu goti linavimba, likitulia linavimba la upande wa pili au kiwiko, na homa ipo. Ukimpeleka kwenye maji moto, viungo vitatulia, maana hutulia vyenyewe. Wazazi watatoa ushuhuda kwamba amepona. Wakati huohuo ugonjwa unakula milango ya moyo. Miaka kadhaa baadaye tunamwona msichana huyo huyo amekuwa mama mjamzito, anahema, miguu imevimba, na moyo umeshindwa kazi. Mtoto huyu angegunduliwa mapema, angechomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, na moyo wake ungelindwa.

Vilevile katika Kanda hii ya Ziwa tunao watoto wengi wenye selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Mtoto analia mifupa, vidole vya mikono na miguu vinavimba, macho yana manjano. Huyu anafaa kupata joto, kweli, lakini anahitaji zaidi kipimo cha damu, maji ya kunywa ya kutosha na kliniki ya kila mara. Mgongo wa mtu mzima unaouma kwa miezi, huku anakonda na kutoka jasho usiku, unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Na mfugaji anayekunywa maziwa mabichi, akawa na homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno, apimwe bruselosi. Hawa wote wakipoteza miezi miwili kwenye chemchemi, wanarudi kwetu wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoondoka.

Wapo pia ambao maji moto yenyewe ni hatari kwao. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu lisilotulia anaweza kuanguka anapotoka majini. Mama mjamzito asikae katika maji ya moto sana. Mwenye kifafa asiingie peke yake. Mwenye kidonda asiingie kabisa, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake. Na mgonjwa wa kisukari au wa ukoma ambaye nyayo zake zimekufa ganzi anaweza kuungua asijue. Pale Kitagata maji hupita nyuzi 60 yanapochimbuka, na hayo hubabua ngozi hata ya mtu mzima kabisa.

Kuhusu kuacha dawa, sote tunakumbuka mwaka 2011, watu walipofurika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na wapo waliofia njiani kabla ya kufika. Hata kutoka Mara watu walikwenda. Mchungaji mwenyewe alifariki mwaka 2021, na hatuna haja ya kumsema vibaya. Lakini wapo waliorudi kutoka huko wakaacha dawa za kupunguza makali ya VVU kwa kuamini kwamba wamekwisha kupona. Ni hilo tunalolikataa, liwe kwa kikombe au kwa chemchemi.

Na asije mtu akasema kwamba wauguzi wa misheni hawana imani. Lourdes, Ufaransa, Mama Maria alimtokea Bernadeta mwaka 1858, na maji ya pale yalipimwa mwaka huohuo yakaonekana kuwa maji ya kawaida, hayana madini ya kuponya. Tangu mwaka 1883 ipo pale ofisi ya madaktari inayochunguza kila anayedai kupona. Katika mamilioni ya mahujaji, hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limetambua miujiza 70 tu. Kanisa lenyewe linamwita daktari kwanza aseme anachokiona.

Tuseme neno juu ya kunywa maji haya. Wengi huyachota kwenye madumu wakapeleka nyumbani kama dawa ya tumbo. Maji yaliyopita katika miamba ya moto mara nyingi yana floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Ikizidi kwa miaka mingi, meno ya watoto huota yakiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi sana mifupa hukakamaa na kupinda. Yaani mtu anakunywa dawa ya mifupa na kujitengenezea ugonjwa wa mifupa! Kuchemsha hakuondoi floridi, bali maji yakipungua sufuriani inabaki humo humo. Akina mama wajue pia kwamba magadi tunayotia kwenye makande na mboga yanaweza kuwa na floridi, kwa hiyo mtoto mdogo asizoeshwe chakula cha magadi kila siku.

Kwa ndugu zetu wa Rukuba, ambao nauli ya kuvuka ziwa peke yake ni mzigo, yale mazuri ya Kitagata mnaweza kuyapata nyumbani. Chemsheni maji, yachanganyeni kwenye karai na ya baridi, na anayemhudumia mzee ayapime kwa kiwiko chake, siyo kwa mguu wa mgonjwa. Mguu ukae humo dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni, huku akikunja na kunyoosha vidole na kifundo. Kwa goti, mgongo au bega tumieni taulo lililolowekwa na kukamuliwa. Chumvi si lazima. Akitoka ajifunike, asikae upepo wa ziwani.

Maji ya kuchanganyia yasichotwe ziwani na kutumika papo hapo, kwa sababu ya kichocho. Yachotwe leo na kufunikwa, yatumike kesho baada ya saa 24, au yachemshwe yote na kuachwa yapoe. Na wanaume mnaosukuma mitumbwi kila siku mkiwa majini hadi magotini, ulizeni zahanati kuhusu prazikwanteli. Vidonge huhesabiwa kwa uzito au urefu wa mtu, na humezwa baada ya kula, kwani tumbo tupu hukisirika.