Mlango Ukifungwa, Nani Hubaki Nje?

Kila mwaka mabaraza ya miji na wilaya hukutana kugawa fedha za mwaka ujao. Mahitaji ni mengi, na mfuko ni mmoja. Barabara yadai, zahanati yadai, maji yadai, na mishahara haingoji. Mara kwa mara hutokea mjumbe akasimama na kuuliza: maktaba yetu yatuletea faida gani? Na kwa kuwa faida ya kitabu haipimwi kwa mizani kama pamba au kahawa, watu huinamisha vichwa, na fungu la maktaba hukatwa bila kelele.

Leo twataka kulichungua jambo hili pamoja na wasomaji wetu. Hatukusudii kuwalaumu madiwani, kwani kugawa fedha haba ni kazi ngumu, na asiyepata kuifanya huiona nyepesi. Twakusudia kujifunza. Kwa ajili hiyo tutautazama mkoa mmoja wa Uingereza ambako jambo hili lilijadiliwa barazani na kuishia mahakamani, kisha tutarudi nyumbani kwetu.

Yafaa kwanza kujua maktaba za umma zilianzaje huko. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoletwa na mbunge William Ewart. Sheria hiyo iliwaruhusu wenye miji ya watu 10,000 au zaidi, wakikubali walipa kodi, kutoza nusu peni katika kila pauni ya thamani ya majengo ili waanzishe maktaba. Fedha hizo zilifaa kwa jengo na watumishi, lakini kununua vitabu hazikuruhusiwa! Ilibidi kungoja hadi mwaka 1855, ndipo kiwango kikapanda kikawa peni moja na vitabu vikaweza kununuliwa. Hata hivyo wapinzani hawakukosekana. Kanali Sibthorp, mbunge wa Lincoln, alisema waziwazi kwamba yeye mwenyewe hakupenda kusoma kamwe. Wengine waliogopa kodi. Wengine waliogopa kwamba mfanyakazi akisoma sana atakuwa msumbufu.

Basi mwanzoni sheria ilisema kwamba baraza laweza kuwa na maktaba. Zaidi ya miaka mia ilipita, na mwaka 1964 ikatungwa sheria nyingine iliyosema kwamba baraza halina budi kutoa huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye kufaa kwa wote wanaoitaka. Hiyo ndiyo sheria inayotumika Uingereza hadi leo. Twaomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo ya "laweza" na "halina budi", kwani juu yake ndipo kesi yetu yote imesimama.

Sasa twende Northamptonshire, mkoa ulio katikati ya nchi. Baraza la mkoa huo lilikuwa na maktaba 36. Tangu mwaka 2010 serikali kuu ya Uingereza ilikuwa imepunguza sana ruzuku yake kwa mabaraza yote, na wakati huohuo gharama za kuwatunza wazee na watoto wasio na walezi zilikuwa zikipanda. Northamptonshire iliumia kama wengine, lakini iliongeza maumivu yake yenyewe. Kwa miaka kadhaa viongozi wake walijivunia kutopandisha kodi, na Oktoba 2017 wakafungua makao makuu mapya yaliyogharimu pauni milioni 53. Wahenga walinena: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Siku ya kujenga ukuta ilifika upesi. Mwezi Februari 2018 mkuu wa fedha wa baraza alitoa tangazo ambalo sheria humtaka alitoe pale anapoona kwamba matumizi yatazidi mapato. Kwa lugha ya sokoni, baraza lilikuwa limefilisika, na matumizi mapya yote yasiyolazimishwa na sheria yakasimamishwa.

Mwishoni mwa mwezi huohuo baraza likapitisha uamuzi wa kuziacha maktaba 21 kati ya zile 36. Hoja yake tuisikilize kwa haki. Sheria yalazimisha baraza kumtunza mzee asiyejiweza, na kumlinda mtoto anayeteswa. Ikiwa fedha hazitoshi, nani atathubutu kusema kitabu kitangulie kabla ya mtoto anayeteswa? Hoja hiyo ina nguvu, na anayetetea maktaba asijidai kwamba haioni.

Lakini wananchi nao walikuwa na hoja yao, nao hawakusema kwamba vitabu ni bora kuliko wagonjwa. Walisema kwamba baraza halijui linafunga kitu gani. Ndani ya nyingi za maktaba hizo akina mama walikuwa wakipeleka watoto wachanga wapate kuhudumiwa na kushauriwa. Huko ndiko mzee anayeishi peke yake alikuja kusoma gazeti na kuonana na watu. Huko ndiko mtoto wa nyumba yenye vyumba viwili na watu sita alipata meza ya kuandikia kazi za shule. Na huko ndiko mtu asiye na kazi alipata kompyuta bila malipo. Hili la mwisho tulitazame vema: katika Uingereza ya leo mtu aombaye msaada wa serikali kwa sababu ya kukosa kazi hutakiwa kuuomba kwa njia ya intaneti. Serikali imeweka mlango wa msaada wake ndani ya kompyuta, kisha baraza linaifunga nyumba ambamo maskini huipata kompyuta hiyo. Mwenye kazi nzuri ana intaneti nyumbani kwake. Yeye hataona tofauti siku maktaba ikifungwa.

Wananchi walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Agosti 2018 Jaji Yip alitoa hukumu. Hakukana kwamba hali ya fedha ilikuwa mbaya. Lakini aliona kwamba ufukara wa baraza hauliondolei baraza wajibu wa kufuata sheria. Baraza halikuwa limeuzingatia ipasavyo wajibu wake chini ya sheria ya mwaka 1964, wala halikuwauliza watu kama ilivyopasa juu ya zile huduma za watoto wachanga. Uamuzi ukatenguliwa, na baraza likaambiwa lianze upya. Baadaye baadhi ya maktaba zilibaki mikononi mwa baraza, na nyingine zikaendeshwa na vikundi vya wenyeji. Baraza lenyewe halikudumu: mwezi Aprili 2021 lilivunjwa, na mahali pake pakawekwa mabaraza mawili mapya.

Labda msomaji atasema: basi dawa ni kwenda mahakamani. Sivyo. Katika mtaa wa Brent, jijini London, baraza liliamua mwaka 2011 kufunga maktaba 6 kati ya 12. Mojawapo ilikuwa ile ya Kensal Rise, iliyofunguliwa mwaka 1900 na mwandishi mashuhuri Mark Twain. Wananchi walishtaki, wakashindwa. Wakakata rufani, wakashindwa tena. Majaji waliona kwamba baraza la Brent lilikuwa limewauliza watu na kuyapima mahitaji yao kabla ya kuamua. Sheria, basi, haikatazi kufunga maktaba. Inachodai ni kwamba anayefunga aangalie kwanza, asikilize kwanza, ndipo aamue. Na kwa ukosefu wa fedha na kwa uamuzi wa mabaraza, Uingereza ilipoteza maktaba karibu 800 kati ya mwaka 2010 na 2019. Bandubandu huisha gogo.

Katika habari hii twaona mafunzo matatu.

La kwanza: si kila kinachoitwa akiba ni akiba. Baraza likifunga maktaba, gharama huondoka katika daftari la baraza, lakini haiondoki duniani. Huhamia kwa mzazi anayelazimika kununua kitabu asichokimudu, kwa mwalimu mwenye wanafunzi wasio na mahali pa kusomea, na kwa kijana anayelipa nauli kwenda mji mwingine kutafuta kilichokuwa jirani. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tusemavyo. Lakini hata daftari lenyewe hudanganya likiandika upande mmoja tu.

La pili: kitu kisicho na mtetezi hukatwa kwanza. Barabara mbovu humkera mwenye gari, naye hupiga simu. Wanaotumia maktaba ni watoto, wazee, wanafunzi na maskini, yaani watu ambao sauti yao haifiki mezani pa wakubwa. Kwa hiyo ukimya wao usihesabiwe kuwa ni kukubali.

La tatu: matengenezo ya haraka yasifanywe kisingizio cha makosa ya zamani. Maktaba za Northamptonshire hazikulifilisi baraza. Lililifilisi lenyewe, kwa miaka ya hesabu mbaya, huku ruzuku ikipungua. Lakini siku ya kulipa ilipofika, watoto ndio waliotolewa mbele. Mzazi mwenye busara akikosa fedha hatazami kwanza sahani ya mtoto. Hutazama kwanza matumizi yake mwenyewe.

Haya yatuhusu sisi kwa njia gani? Yatuhusu sana, kwani huduma zetu za maktaba zilijengwa kwa mfano uleule. Tanganyika ilitunga sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na mwezi Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1965. Nchi hizo zilikuwa fukara kuliko Northamptonshire ya mwaka 2018, wala hazikusema tungoje tutajirike ndipo tusome. Zilitambua kwamba mtu aliyefundishwa kusoma, kisha akakosa cha kusoma, husahau, na fedha za shule yake zote huwa zimemwagwa mchangani.

Nairobi yatupa mfano mwingine. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Baadaye ikawa mali ya jiji, na mlango ukafunguliwa kwa wote. Lakini mlango waweza kuwa wazi na nyumba ikawa inakufa: paa likavuja, vitabu vikazeeka, fedha zisitoshe. Chama kiitwacho Book Bunk, kilichoanzishwa mwaka 2017, kimeshughulika kwa mapatano na serikali ya kaunti kuifufua maktaba hiyo na matawi yake mawili ya Kaloleni na Makadara. Matawi hayo yako katika mitaa ya watu wa kawaida, nayo yamekwisha tengenezwa na kufunguliwa tena. Hivyo twaona kwamba kilichodhoofika chaweza kurudishwa, wenyeji na baraza wakishikana mikono. Ila tuseme kweli: wema wa wenye kujitolea usiwe sababu ya baraza kuutupa wajibu wake. Mtu akikusaidia kubeba mzigo, humwachii mzigo wote ukaenda zako.

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeziweka maktaba chini ya kaunti, na imeyataka mabaraza ya kaunti kuwashirikisha wananchi. Katika Tanzania Bodi ndiyo yenye kazi hiyo kwa nchi nzima, lakini halmashauri zina shule, zina viwanja, zina majengo, na mikutano ya madiwani iko wazi kwa wananchi. Kote kuwili mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hujadiliwa miezi kadhaa kabla. Anayengoja mwezi Juni ndipo aseme, amechelewa: fedha zimekwisha gawanywa.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu. Kila familia itafute kwanza kujua maktaba iliyo karibu nayo i wapi, ifunguliwe saa ngapi, na ina nini. Kisha iwapeleke watoto, kwani maktaba isiyo na wasomaji imekwisha jifunga yenyewe. Na siku jambo la kupunguza fedha likiletwa barazani, wananchi waende wakaulize kwa adabu maswali manne. Ni watu gani wanaoitumia nyumba hii, na wangapi? Wakifungiwa, wataenda wapi, na kwa nauli ya nani? Je, wenyewe wameulizwa kabla ya uamuzi au baada yake? Na ni matumizi gani mengine ya baraza yaliyopunguzwa kwanza?

Diwani mwenye majibu ya maswali hayo manne, hata kama mwisho wake ataamua kufunga, ametimiza kazi yake, nasi tutamheshimu. Asiye na majibu asipige kura siku hiyo. Aahirishe, atoke, aende akaketi maktabani asubuhi moja, awatazame wanaoingia. Kisha arudi barazani akaamue.