Juisi Imechacha: Chipu Inaona Nini Kabla ya Ulimi?

Jana uliloweka mabungo, ukachuja, ukatia sukari, ukajaza chupa. Leo unafungua: kizibo kinafyatuka, povu linapanda hadi shingoni mwa chupa, harufu ni ya tembo. Muuzaji wa juisi wa Makangale, Pemba, anaijua hasara hiyo.

Mharibifu ni hamira ya porini, jamaa wa ile inayoumua maandazi. Hukaa kwenye maganda ya matunda. Ukali wa bungo na ukwaju huwazuia bakteria wengi, lakini hamira hauitishi. Hula sukari, ikatoa gesi na pombe. Ulimi huja kuitambua ikishafika malaki katika kila mililita, na hapo mzigo umeshakwenda.

Maabara za vinywaji huotesha sampuli kwenye sahani na kusubiri siku kadhaa. Chipu hupunguza muda huo hadi saa chache. Ni kipande cha kioo au plastiki kinachoenea kiganjani, chenye vijifereji vyembamba kama unywele. Vijidudu vya kwenye kinywaji hupasuliwa, DNA yao ikatolewa, ikapashwa hadi nyuzi 95 hivi, ikapozwa hadi 60 hivi, tena na tena. Kila mzunguko nakala huongezeka maradufu. Kwa mizunguko 30, moja huzidi bilioni. Hapo rangi maalumu hung'aa, na mashine husoma.

Ina mipaka yake. Humtambua yule tu iliyeandaliwa kumtafuta, na huweza kusoma hata DNA ya kijidudu kilichokwisha kufa.

Uchunguzi wa vijidudu si mgeni Pemba: maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000. Lakini chipu haiko kwenye meza ya juisi, na kuchacha si sawa na kuambukiza. Juisi iliyochacha hujitangaza. Bakteria wa kipindupindu huingia na maji au barafu chafu bila kubadili ladha wala harufu. Mama anayeonja akasema "hii bado nzima" amepima hamira tu.

Basi maji ya kuchanganyia yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, na barafu itokane na maji hayohayo. Chupa ioshwe kwa sabuni, pamoja na kizibo: kwenye mikunjo yake ya ndani ndimo hamira ya jana inamojificha. Juisi iliyotoa povu imwagwe. Ukiichemsha utaua hamira, lakini ladha ya bungo hairudi.